Salfa, Nikeli na Gharama Isiyotajwa

Historia ya viwanda huandikwa kwa majina ya wavumbuzi. Wale waliohangaika kuondoa uchafu huachwa pembezoni. Nami nashikilia kwamba bila hawa wa pili, uvumbuzi mwingi usingetoka maabara. Utengenezaji wa gesi ya methani ni ushahidi wangu.

Mwaka 1902, mjini Toulouse, Ufaransa, Paul Sabatier na padre mkemia Jean-Baptiste Senderens walipitisha kaboni monoksidi na hidrojeni juu ya nikeli iliyopashwa moto, wakapata methani na maji. Nikeli haikuliwa, ilikuwa kichocheo tu. Mwaka 1912 Sabatier alipata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Victor Grignard. Senderens hakupewa kitu.

Lakini Sabatier aliuona pia udhaifu wa nikeli. Aliilinganisha na hamira: chembe chache za sumu huiua. Sumu kuu ni salfa, ile ile ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara huitumia dhidi ya ubwiriunga. Makaa ya mawe yana salfa, na yanapogeuzwa gesi hutoa hidrojeni salfaidi. Gesi hii ikigusa nikeli huvunjika, na atomu za salfa hung'ang'ania juu ya metali, mahali pale pale ambapo kaboni monoksidi ingekaa. Kwa jicho nikeli ni nzima. Kwa kazi imekufa. Katika joto la kutengenezea methani salfa haibanduki, na ukiongeza joto sana punje za nikeli huungana na kupoteza nguvu. Sehemu moja tu ya salfa katika milioni ya gesi, ikiachwa iendelee kupita, huzima kichocheo.

Dawa, basi, ni kusafisha gesi kabla haijafika kwenye nikeli. Ndivyo kilivyofanya kiwanda cha Great Plains, karibu na Beulah, North Dakota, nchini Marekani, kilichoanza kuzalisha methani kutokana na makaa mwaka 1984. Gesi yake huoshwa kwa methanoli iliyopozwa chini ya nyuzi sifuri. Kemia ilifaulu, hesabu za fedha zikashindwa. Bei ya gesi asilia iliposhuka, wamiliki walijitoa mwaka 1985, wakaiachia serikali iliyodhamini mkopo deni la takriban dola bilioni 1.5. Mwaka 1988 kiwanda kikauzwa.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Kuosha gesi ni sehemu ya bei ya methani, wala si jambo la kuongezwa baadaye. Sisi Watanzania tunayo makaa ya Mchuchuma na Kiwira. Siku atakapokuja mtu na mpango wa kuyageuza gesi kwa dhamana ya serikali, asisifiwe kabla ya kujibu maswali mawili: salfa itaondolewa wapi, na bei ikianguka, deni litabaki kwa nani?