Manowari za Ndege Katika Maji ya Kilindini

Ukisimama ufukoni Nyali, upande uelekeao kisiwa cha Mombasa, waiona mbele yako Bandari ya Kale. Hapo, kwa karne nyingi, majahazi yalitia nanga. Na kabla ya kurejea kwao yalipwelezwa mchangani, mafundi wakayakalafati, yaani wakaziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta. Kila nahodha alijua kwamba chombo kisichotengenezwa hakimfikishi mtu kwao. Kanuni hiyo haikubadilika vyombo vilipokuwa vya chuma, na mwaka 1942 pwani yetu ilikuwa karibu sana na ushahidi wake.

Mwezi wa Aprili mwaka huo, manowari tano za Kijapani za kuchukulia ndege ziliivamia Ceylon, ambayo sasa huitwa Sri Lanka. Tarehe 9 ndege zao ziliizamisha Hermes, manowari ya ndege ya Waingereza, nayo haikuwa na ndege hata moja ya kujitetea. Admeri James Somerville akaleta manowari zake Kilindini, bandari ambayo jina lake lenyewe latueleza kuwa maji yake ni ya kina. Katika mwaka ule zikaonekana humo Formidable, Indomitable na Illustrious.

Je, zilikuwa meli za namna gani? Illustrious na Formidable zilikuwa na urefu wa mita 225 hivi na uzito wa tani 23,000. Juu palikuwa na sitaha moja ndefu iliyo wazi, ndiyo uwanja wa ndege. Chumba cha nahodha na dohani vilisukumwa ubavuni ili visizizuie ndege. Chini yake palikuwa na ghala, na ndege zilipandishwa kwa lifti hali mabawa yamekunjwa. Waingereza waliifunika ghala hiyo kwa bamba za chuma zenye unene wa inchi 3. Faida yake ilikuwa ulinzi. Hasara yake ilikuwa uzito, kwani meli ilipangiwa ndege 36 tu, hali manowari kubwa za Marekani zilichukua yapata mara mbili ya hizo.

Walakini hata chuma kina kikomo. Januari 1941 mabomu ya Wajerumani yaliipasua Illustrious karibu na Malta, ikapelekwa Norfolk, Marekani, kutengenezwa, isitoke hadi Desemba. Ndege nazo zilikuwa na madai yake: injini, magurudumu, rafadha, na hata vitambaa, maana ndege aina ya Swordfish ilivikwa kitambaa. Kwa hiyo Waingereza walifungua vituo nchi kavu, wakavipa majina ya Kiswahili kana kwamba ni meli: Kipanga hapa Mombasa, Kilele kule Tanga, na Korongo Nairobi, palipokuwa na karakana ya ndege.

Lakini funzo kubwa lilitoka bahari ya Pasifiki. Tarehe 8 Mei 1942, mbili kati ya zile manowari tano zilipambana na Wamarekani. Shokaku ilipigwa mabomu. Zuikaku haikuguswa, ila ndege na marubani wake walipungua mno. Zote mbili zikabaki nyumbani. Yorktown ya Marekani nayo ilijeruhiwa, ikafika Pearl Harbor tarehe 27 Mei. Ilikadiriwa kuwa matengenezo yangechukua miezi mitatu. Mafundi wapatao 1,400 wakafanya kazi usiku na mchana, wakatia viraka vya chuma, na tarehe 30 ikatoka, imejazwa ndege za meli nyingine. Katika vita vya Midway, vilivyoanza tarehe 4 Juni, Wajapani walipoteza manowari nne za ndege, tatu kati yake zikiwa ni zile zilizoivamia Ceylon. Yorktown nayo ilizama. Lakini hatari iliyoikabili Bahari ya Hindi ilipungua sana.

Basi, msomaji, usomapo habari za vita usitazame maadmeri peke yao. Mtafute na fundi aliyechomea bamba, na mchukuzi wa Kilindini aliyeshusha shehena katika vita ambavyo hakuulizwa shauri lake. Vita vilipokwisha, alikumbukwa kidogo mno. Na Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kudai ujira wa kuwatosha. Waliojenga manowari walijua kwamba meli haidumu bila ya kutunzwa. Waliotawala walichelewa kujua kwamba na mtu ni vivyo hivyo.