Istilahi za mtandao na michoro ya kompyuta: mnunuzi ajue nini?

KAMPALA — Mkazi wa Kisugu, katika tarafa ya Makindye, anayenunua kompyuta iliyokwisha kutumika au kulipia intaneti ya nyumbani hukutana na istilahi ambazo wauzaji huzitaja kwa haraka. Asiyezielewa huenda akalipia asichokihitaji.

Modemu, ruta na swichi
Modemu hupokea ishara kutoka kwa kampuni ya intaneti na kuzigeuza ziweze kusomwa na kompyuta. Ruta huigawa huduma hiyo kwa vifaa vyote vya nyumbani. Mara nyingi viwili hivi vimo katika kisanduku kimoja. Swichi haileti intaneti; huongeza matundu ya nyaya tu.

Megabiti na megabaiti
Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti, ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Hivyo huduma ya megabiti 10 kwa sekunde hupakua megabaiti 1.25 tu kwa sekunde, na filamu ya megabaiti 750 huchukua dakika 10 hivi. Hesabu hii ina uzito nchini Uganda, ambako data ya intaneti ilianza kutozwa ushuru wa asilimia 12 Julai 2021.

Bendi za Wi-Fi
Bendi ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini nyumba zinaposongamana, ruta za majirani huingiliana. Bendi ya gigahezi 5 ina kasi zaidi, ila haifiki mbali.

Kadi ya michoro
Katika kompyuta nyingi za ofisini, chipu ya michoro imo ndani ya prosesa na huazima sehemu ya RAM. Kadi ya pekee ina kumbukumbu yake yenyewe. Muuzaji akitaja “giga 8”, aulizwe: ni za RAM au za kadi? Kwa kuandika barua na kutazama video, chipu ya ndani yatosha. Uhariri wa filamu na michezo mizito huhitaji kadi ya pekee.

VGA na HDMI
Tundu la VGA, lililoanzishwa na IBM mwaka 1987, hupitisha picha pekee. HDMI hupitisha picha na sauti pamoja.

Kabla ya kulipa
Mnunuzi aombe kompyuta iwashwe. Katika Windows, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha aandike dxdiag. Prosesa, RAM na chipu ya michoro vitaorodheshwa, naye atavilinganisha na maneno ya muuzaji.