Tarehe ya Kilindini na Njia Zake

Wapo wasemao Mombasa ililetwa na reli. Sivyo. Reli iliwafuata Wakilindini, taifa kubwa katika Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu ya Waswahili wa Mombasa, waliokaa magharibi ya kisiwa kabla ya kuhamia Mji wa Kale. Wazee wametwambia kuwa Wakilindini ndio waliojua penye kilindi, na bandari ikachukua jina lao. Wachangamwe na Watangana ni ndugu zao.

Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walilinda bandari ya kale ya upande wa pili, ya majahazi.

Turudi Kilindini. Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli ya Uganda, nayo ikafika Kisumu 1901 kwa zaidi ya pauni milioni 5, fedha za serikali yao. Meli kubwa zikaihama bandari ya kale, na miaka ya 1920 Kilindini ikapata gati za kina kirefu.

Zama zetu ni za makontena. Kwa mkopo wa Japani kilijengwa kituo cha pili cha makontena pale Kipevu: awamu ya kwanza ilikamilika 2016, ya makontena 550,000 ya futi 20 kwa mwaka, na ya pili 2022, ya 450,000. Wachangamwe husema Kipevu ni kwao. Ardhi ni yao, sikatai. Maji ni ya Kilindini.

Kontena likishuka lataka njia. Japani ikakopesha tena kwa barabara ya Dongo Kundu, na kipande cha Miritini hadi Kipevu kikafunguliwa 2018. Reli mpya ya 2017 ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na tangu 2013 bidhaa ziingiazo nchini zikatozwa ushuru wa reli, ulioanza kwa asilimia 1.5 ya thamani yake. Kwa hiyo kila mwenye duka Ndia Kuu, Mji wa Kale, amechangia reli ile, na kila mnunuzi wake pia. Kisha 2019 ikaja amri kwamba mizigo ipande treni, na madereva wa malori, matingo wao na mama ntilie wa Changamwe wakalala njaa. Hawa walilipia reli iliyowanyima kazi. Hilo halikuwa haki.

Nawaomba wenye bandari: pale Kipevu, zinapotajwa Japani na China, liandikwe na jina la Wakilindini.