Kutoka Boriti ya Mkoko hadi Nondo: Historia Fupi ya Elimu ya Uimara wa Vifaa Dar es Salaam

Historia ya elimu ya uimara wa vifaa jijini Dar es Salaam kwa kawaida huanzia vyuoni. Makala haya yanaianzia mapema zaidi, katika boriti, na kutoa hoja kwamba vyuo vilihamisha kipimo cha uimara kutoka jicho na mkono wa fundi kwenda maabara, katika kipindi kilekile ambacho kifaa chenyewe kilifichika machoni pa watu.

Katika nyumba za mawe za pwani, dari ilibebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba ulitegemea umbali ambao boriti iliweza kuvuka bila kupinda, kwa kawaida chini ya mita 3. Ndiyo sababu vyumba vingi vilikuwa virefu na vyembamba. Fundi hakuandika mlinganyo, lakini alijua kikomo cha kifaa chake, na mwenye nyumba aliweza kuziona boriti zote kwa kuinua macho.

Maarifa hayo yalichukua sura ya kimahesabu Ulaya. Mwaka 1638 Galileo alichapisha uchambuzi wa kuvunjika kwa boriti, ingawa sehemu ya hesabu yake ilisahihishwa baadaye. Mwaka 1678 Hooke alieleza kwamba kurefuka kwa kifaa kinachovutwa huenda sambamba na nguvu inayokivuta. Mwaka 1826 Navier alichapisha mihadhara iliyolipa somo umbo linalofundishwa hadi leo. Dar es Salaam, elimu ya ufundi ilipata chuo chake mwaka 1957, ambacho mwaka 1997 kilikuwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973, uhandisi mitambo ukiwa miongoni mwa fani zake. Shirika la Viwango Tanzania lilifuata mwaka 1975.

Umuhimu wa kipimo unaonekana katika hesabu ndogo. Mkazo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo la mkato. Nondo iliyopaswa kuwa ya milimita 12 ikiwa ya milimita 10, jicho huona pungufu ya milimita 2 tu. Eneo lake, na kwa hiyo uwezo wake wa kuvutwa, umepungua kwa takribani asilimia 31. Katika shafti ya mashine hasara ni kubwa zaidi: uwezo wa kustahimili msokoto hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo, hivyo pungufu hilohilo huondoa takribani asilimia 42. Nondo hiyo ikishazikwa ndani ya zege, hakuna mpangaji atakayeiona.

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo jingine lilianguka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Bila kujali chanzo cha kila tukio, waliokuwa ndani na kando ya majengo hayo walitegemea uimara ambao wasingeweza kuuhakiki wenyewe.

Mbezi Luis, kwenye Barabara ya Morogoro, inaonyesha umbali uliobaki. Eneo hili, lililokuwa Kinondoni kabla ya kuundwa kwa Manispaa ya Ubungo, lina kituo kikuu cha mabasi kilichozinduliwa Februari 2021, na kando yake mafundi huchomelea vyuma, hutengeneza magari na kuchanganya zege kwa toroli na ndoo. Kazi yote huzungumzwa kwa Kiswahili. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ni lugha ya kufundishia shule za msingi, lakini uhandisi hufundishwa kwa Kiingereza. Mhandisi hujifunza mkazo kwa lugha moja. Anayekunja nondo hupokea maelekezo kwa nyingine.

Kwa hiyo, istilahi za uimara kwa Kiswahili ni suala la usalama wa umma. Fundi wa boriti alikiona kikomo cha kifaa chake. Fundi wa nondo anahitaji kuelezwa kikomo hicho kwa lugha anayofanyia kazi.