Mukanda: shule ya porini iliyowaunganisha watu wa Lualaba

Asubuhi ya tohara, mama wa Kindembu humlisha mwanawe kwa mkono, tonge baada ya tonge, kama mtoto ambaye hajaacha ziwa. Usiku kucha watu wamecheza ngoma kando ya moto. Kisha wavulana huchukuliwa porini, na mama hatamwona wake tena mpaka siku ya kutoka, makishi, yaani wachezaji waliovaa vinyago, watakapoingia kijijini na watu wa vijiji vyote vya jirani wakajaa uwanjani kula, kunywa munkoyo na kucheza.

Hiyo ndiyo mukanda, sherehe ya tohara na mafunzo ya wavulana. Toka Mutshatsha kwenda Dilolo, katika mkoa wa Lualaba nchini Kongo, mpaka ng'ambo ya mipaka ya Angola na Zambia, inajulikana kwa Walunda, Wandembu, Wachokwe na Waluena. Tusisahau kwamba watu hao hawakuishi kwa amani siku zote. Katika miaka ya 1880 wapiganaji wa Kichokwe waliivamia Musumba, makao makuu ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Hata hivyo, mukanda ilijulikana kwa walioshambulia na kwa walioshambuliwa.

Mtafiti aliyeieleza sherehe hii kwa kina kuliko wengi ni Victor Turner, aliyeishi na mkewe Edith miongoni mwa Wandembu wa Mwinilunga, upande wa Zambia, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alikuta vijiji vidogo vyenye magomvi mengi. Kwa Wandembu ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, lakini mke huhamia kwa mume. Ndoa ikivunjika, mwanamke hurudi na watoto wake kwa kaka zake, na kijiji cha mume hupungukiwa. Wajomba na baba wanavutana juu ya watoto, ndugu wanatuhumiana uchawi, kijiji kinagawanyika, wengine wanahama.

Sasa, kijiji kidogo namna hiyo hakiwezi kufanya mukanda peke yake, kwa sababu wavulana wa umri unaofaa hawatoshi. Lazima wazee ambao pengine hawasemezani wakutane na kukubaliana: nani atakuwa mwenyeji, nani atashika kisu. Turner aliandika jinsi mashindano hayo ya wazee yalivyokuwa makali. Lakini walishindana juu ya kazi ambayo kila mmoja wao alitaka ifanyike. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Tumezoea kusema kwamba watu walioungana ndio wanaosherehekea pamoja. Huku kwetu sherehe ilitangulia, na umoja ukaja kwa sababu maandalizi yaliwalazimisha watu kuzungumza.

Katika kambi ya wavulana huko porini hakuna mtoto wa chifu. Chakula wanachopika akina mama huletwa na kugawanywa sawasawa kwa wote, hata usijue tonge hili limetoka chungu cha nani. Usiku wavulana hulala wanne wanne au watano watano kuzunguka moto mmoja, na urafiki wa moto huo unatarajiwa kudumu mpaka uzee. Ukiangalia ramani ya nchi hii ya zamani, isiyo na miji mikubwa, utaona maana yake: mtu mzima akisafiri kwenda kijiji cha mbali alikuwa na mahali pa kufikia, kwa mtu aliyelala naye porini.

Mwaka 1931 reli ya Tenke hadi Dilolo ilikamilika, ikapita Mutshatsha na kuungana na reli ya Benguela iendayo Lobito. Mwaka 1937 ukaanzishwa mji wa Kolwezi kwa ajili ya migodi ya kampuni ya Union Minière. Watu wakamiminika kwenye kambi za wafanyakazi kutoka kila upande, na jirani wa nyumba ya pili hakuijua mukanda kabisa. Ikahitajika sherehe nyingine. Ngoma ya beni, iliyozaliwa Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ilikuwa imekwisha kusambazwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ikafika hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Wachezaji walijipa vyeo vya kijeshi na kuvaa sare. Upande wa Zambia, huko Luanshya, mtafiti J. Clyde Mitchell aliitazama ngoma ya kalela na kuiandikia kitabu mwaka 1956. Wachezaji walikuwa Wabisa waliovaa nadhifu, wakiwa na daktari na nesi wao, wakiimba mizaha juu ya makabila mengine huku makabila hayo hayo yakitazama na kucheka. Utani wa namna hiyo ulifundisha wageni kukaa pamoja.

Leo hospitali hutahiri kwa usalama zaidi, na ni vyema. Shule nazo zimeibana mukanda, na penginepo imefupishwa ili ienee ndani ya likizo. UNESCO iliyatangaza makishi ya Zambia kuwa urithi mwaka 2005, ikayaweka kwenye orodha yake mwaka 2008. Lakini mtoto anayetoka hospitali anarudi nyumbani siku ile ile, bila wenzake wa moto. Upande wa Zambia ziko familia ambazo daktari hukata na wazee hufundisha. Wazazi wa Mutshatsha na wa Kolwezi walizungumzie hilo mapema, kabla ya likizo ya kiangazi kuanza, na majirani wasio na asili ya mukanda waitwe kwenye mazungumzo hayo tangu siku ya kwanza.