Tarehe ya Pangani na Ng'ambo Yake

Mto unaoteremka kutoka Kilimanjaro na Meru, ukakata nchi ya Wapare, ukapita chini ya milima ya Usambara, na ukaishilia baharini kiasi cha kilomita 50 kusini ya Tanga, umeugawa mji wa Pangani na jirani yake kwa namna ambayo mgeni huiona mara moja na asiifikirie tena: ukingo wa kaskazini ndio mji, ukingo wa kusini ni Bweni, na baina yao ni kivuko. Aghalabu wanaokuja kutazama athari huishia mjini, kwa kuwa huko ndiko yaliko majumba ya mawe, milango ya nakshi, nyumba ya forodha na mtaa wa maduka ya Wahindi wenye baraza zake. Nami siwalaumu, kwani jicho hufuata kilichosimama. Lakini atakaye kuifahamu tarehe ya Pangani kwa ukamilifu hana budi kuisoma katika kingo zote mbili, na nitadiriki kusema kwamba habari zilizo nzito zaidi ziko ng'ambo.

Kabla Pangani haijawa na sifa, mji uliotajwa katika pwani hii ulikuwa Mtang'ata, ambao magofu yake leo yaitwa Tongoni, katika njia iendayo Tanga. Pamebaki msikiti uliobomoka na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo za mawe ambazo zamani zilipambwa kwa vyombo vya Kichina. Katika maji ya huko ndiko Vasco da Gama, akirejea kutoka Bara Hindi mwaka 1499 na mabaharia wake wamekwisha kwa maradhi, alipoitia moto merikebu yake São Rafael, kwani hakubakiwa na watu wa kuendesha merikebu tatu. Wapo pia wanaodhani kwamba bandari ya Rhapta, iliyotajwa na Wayunani wa kale, ilikuwa penye mlango wa mto huu. Mjadala huo nawaachia wenye majembe ya kufukulia.

Pangani tunayoijua ni mji wa karne ya kumi na tisa, na chanzo cha utajiri wake ni misafara. Burton na Speke walipofika mwanzoni mwa 1857, wakiwa njiani kwenda Fuga kwa Mfalme Kimweri, Sultani wa Unguja alikuwa na watu wake na askari wake wa Kibulushi katika nchi ile, ilhali majumbe wa mji walishika mila zao na ada zao kama walivyozizoea. Kutoka hapa misafara ilipanda kufuata mto hadi Upare na Kilimanjaro, ikavuka nyika za Wamasai, ikarudi na meno ya tembo. Mjuzi wa njia hizo alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe. Na Teleki na von Höhnel walipotaka kwenda kaskazini mwaka 1887, Pangani ndipo walipoanzia safari, na Kimemeta akafuatana nao. Mwaka uliofuata Wazungu wale wakaliona ziwa ambalo leo laitwa Turkana, wakalipa jina la mwana wa mfalme wao. Jina la yule aliyezijua njia tangu zamani halikuwekwa mahali popote katika ramani.

Baada ya pembe ikaja sukari. Katika mabonde ya mto, juu kidogo ya mji, Waarabu, na hasa wa kabila la Alharthi, walifungua mashamba ya miwa, wakasimamisha vinu vya kukamulia, wakawa wakipeleka sukari na asali ya miwa Unguja. Kazi ya miwa haina huruma: ikishakatwa haingoji, sharti ikamuliwe na kupikwa mara, usiku na mchana, na waliofanya kazi hiyo walikuwa watumwa. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi, wakatoroka, wakajifanyia maskani yao Kikogwe, upande wa kusini ya mto, na mabwana zao walipokwenda kuwarudisha kwa nguvu hawakuona wepesi walioutazamia.

Naomba msomaji alishike jina hilo la Kikogwe, maana mjini hataonyeshwa lolote linalohusu watu wale. Ataonyeshwa Boma, nyumba kubwa yenye milango ya nakshi, ambayo wenyeji husema ilianza kuwa ya tajiri wa Kiomani kabla ya Wadachi kuifanya makao ya serikali yao; na ataambiwa kwamba chini ya nguzo zake walizikwa watumwa wakiwa hai ili jengo lipate kudumu. Kisa kama hicho husimuliwa juu ya majumba mengine ya pwani, na ya Unguja yakiwamo, hata mtu hushuku kwamba kimesafiri kwa jahazi. Mimi sikitilii maanani sana. Kinachonihuzunisha ni kwamba mtumwa wa Pangani hupata nafasi katika masimulizi ya wageni akiwa maiti chini ya nguzo, na hana nafasi akiwa mtu aliyekataa utumwa akajenga mji wake.

Tukija kwenye vita, hapo Pangani haina haja ya kupambwa. Mwezi wa Aprili 1888 Sayyid Khalifa, Sultani wa Unguja, aliikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Kidachi kwa miaka 50, na mwezi wa Agosti mwakilishi wa kampuni, Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, akataka kupandisha bendera ya kampuni na kumweka liwali wa Sultani chini ya amri yake. Zilikuwa siku za Idi ya kuchinja. Liwali alipokataa, askari wa manowari wakashushwa kumsaka, na yasimuliwa kwamba waliingia msikitini na viatu vyao na mbwa wao. Ghadhabu iliyozuka iliwakusanya watu ambao jana walikuwa wakizozana, majumbe na Waarabu wa mashamba, wapagazi na Wazigua wa bara. Wakamfungia Nyundo na wenziwe nyumbani, na Jenerali Mathews aliyetumwa na Sultani kuja kusuluhisha aliwatoa Wadachi wale wakiwa salama, kisha naye akatakiwa aondoke.

Kiongozi aliyetokea ni Bushiri bin Salim, Mharthi, mwenye shamba la miwa, ambaye hakuwa na mapenzi na dola ya Albusaid wala na wageni wao. Alimteka Hans Meyer, yule aliyepanda Kilimanjaro mwaka uliofuata, pamoja na Oscar Baumann, akawaachilia kwa fidia, akaishambulia Bagamoyo, na Bwana Heri wa Sadani akapigana upande wake. Serikali ya Kidachi ikamleta Wissmann na askari wa Kisudani, na Pangani ikatwaliwa Julai 1889. Bushiri alikimbilia bara, akasalitiwa, akanyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliitungia vita hiyo utenzi, nao ni hazina kubwa kuliko jengo lolote la mji. Ama Nyundo, Wahehe walimuua Lugalo mwaka 1891. Lakini tusisahau kwamba shujaa Bushiri alikuwa bwana wa watumwa, na waliotoroka miwa walikuwa wamekimbia watu wa daraja yake.

Mwaka 1893, miaka 20 tangu uasi ule, Dakta Richard Hindorf alipanda mkonge wa kwanza wa nchi hii. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapita Hamburg, na iliyofika hai haikuzidi 70. Ilipandwa Kikogwe. Kutoka miche hiyo michache ikatokea biashara iliyoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, na iliyofikia zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960 kabla nyuzi za viwandani hazijaiangusha. Katika mwaka huo huo wa 1893 ulianza ujenzi wa reli ya Usambara, nayo ilianzia Tanga. Ilipofika Mombo mwaka 1905 mizigo ya milimani haikuwa tena na haja ya mto, na Pangani, yenye fungu la mchanga mlangoni pake, ikabaki bandari ya majahazi. Shaaban Robert alipata kutumika humo akiwa karani wa forodha, wakati ambapo shughuli kubwa ilikuwa imekwisha kuhamia Tanga.

Basi ewe msomaji, ukijaaliwa kufika, itazame milango na Boma, kisha upande kivuko uende Bweni na Kikogwe, ukawaulize wazee habari za waliolima huko kabla ya mkonge. Na wenye mamlaka ya mambo ya kale, ambao huhesabu athari kwa mawe, nawaomba wapeleke mwandishi huko mapema, ayaandike majina na masimulizi wangali wapo wa kuyasimulia.