Bonde la Upemba: pale udongo wa Haut-Lomami ulipokatika

Katoto, Kamina. – Mtu anayepanda gari moshi Kamina kwenda Lubumbashi anaanza safari juu ya uwanda ulio zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Akifika Bukama, kwenye daraja la Lualaba, yuko karibu na mita 600. Wasafiri wengi wanaona tu kwamba joto limezidi na kwamba samaki wanauzwa dirishani. Kumbe kati ya vituo hivyo viwili gari moshi limeshuka ndani ya ufa wa dunia, wa ukoo mmoja na nyufa za Kivu na Ziwa Tanganyika.

Mbelgiji Jules Cornet, mtaalamu wa mawe, alipita Katanga kuanzia 1891 hadi 1893 pamoja na msafara wa Bia na Francqui. Watu wanamkumbuka kwa sababu ya shaba. Lakini mwaka 1905 alitoa maandishi juu ya bonde la Upemba, akieleza kwamba halikuchimbwa na mto: ni kipande cha nchi kilichozama kati ya mikato miwili mirefu, kama ubao wa katikati unaoshuka wakati zile za pembeni zinavutwa. Lualaba ilikuta shimo tayari. Ndiyo maana mto unaoanguka kwa kelele katika makorongo ya Nzilo unatulia ghafla ukifika Bukama, na boti zinaweza kwenda mpaka Kongolo.

Cornet aliona kilichozama, kilichovuta hakukijua. Mjerumani Alfred Wegener alisema mwaka 1912 kwamba mabara yanasogea, na wenzake wengi wakamcheka. Ilichukua mpaka miaka ya 1960 wataalamu kukubali.

Jibu liko chini sana. Kutoka miguu yetu mpaka kitovu cha dunia ni kilomita 6,371. Shimo refu kuliko yote ambayo watu wamechimba ili kuchunguza ganda la dunia, kule Kola nchini Urusi, lilifika kilomita 12 tu na kidogo. Yaliyobaki yamejulikana kwa njia ya matetemeko: mtikisiko unapita ndani ya dunia, unapinda au kuzuiwa, na mashine za upande wa pili zinaandika. Hivyo ndivyo Inge Lehmann, mwanamke wa Denmark, alivyoonyesha mwaka 1936 kwamba ndani ya kiini cha chuma kilichoyeyuka mna kiini kingine, ambacho baadaye kilithibitishwa kuwa kigumu. Juu ya kiini kuna tabaka nene la mawe, karibu kilomita 2,900. Halafu ganda letu, ambalo chini ya mabara lina kilomita 30 hadi 40 hivi, kama ngozi juu ya uji uliopoa.

Watu husema chini ya ganda ni bahari ya moto. Si hivyo. Tabaka lile ni jiwe, ila jiwe lenye joto kali linalojongea polepole kwa mamilioni ya miaka, kama udongo wa mfinyanzi chini ya mzigo. Sehemu yake ya juu, iliyopoa, imeshikamana na ganda na kukatika vipande vikubwa, mabamba. Upande wa mashariki wa Afrika unaachana na bara lingine kwa milimita chache kwa mwaka. Ukucha wa mtu unakua kiasi hicho kwa muda wa mwezi mmoja au miwili. Kwa Upemba mwendo ni mdogo zaidi.

Mwendo huo mdogo umelisha watu. Maji yalijaa pale nchi ilipozama, yakawa maziwa ya Upemba na Kisale yenye samaki, na makaburi ya Sanga kando ya Kisale, yaliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958, yalitoa vyungu na vitu vya shaba vya Waafrika waliokaa pale zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Aliyekimbia Goma mwezi wa Mei 2021 ana haki ya kuuliza: na huku je? Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na siku tano baadaye wakaaji wakaambiwa waondoke. Mamia ya maelfu wakaenda Sake, Bukavu na Rwanda. Upemba haina mlima wa moto kama ule. Matetemeko, hayo ni jambo lingine. Septemba 1992 tetemeko la nguvu zaidi ya 6 lilipiga Kabalo, chini zaidi kwenye Lualaba hiihii, na watu wakafa. Tarehe 5 Desemba 2005 lingine la 6.8 lilitoka chini ya Ziwa Tanganyika na kuangusha nyumba Kalemie. Mara nyingi kinachoua ni ukuta, hasa ukuta mzito wa matofali mabichi usiofungwa na kitu. Nyumba ya miti na udongo, ambayo watu huidharau, hutikisika lakini mara nyingi husimama. Familia iliyofika juzi na kujenga upesi ingefaa iambiwe hivyo kabla ya kuinua matofali.

Ufa huo pia uliwahi kuleta umeme. Kila kilomita moja kwenda chini, joto linazidi digrii 25 hadi 30 hivi. Mvua inayopenya kwenye mikato inashuka, inapashwa na mawe, inarudi juu. Kiabukwa, katika bonde hilohilo, maji yalitoka na digrii 91, na mwaka 1952 kampuni ya madini iliweka hapo mashine ya kilowati 200 hivi: umeme wa kwanza wa joto la ardhi katika Afrika nzima, kabla ya Kenya kufungua Olkaria mwaka 1981. Haukuwa umeme wa vijiji, ulikuwa wa mgodi. Ulifanya kazi miaka michache tu, kisha mashine ikasimama.